Gari kuukuu halitaki pupa

KUNA maradhi ambayo humpata mwanamume akishafikia umri wa miaka arobaini hivi, kazi yake imetulia, watoto wameingia shule na mshahara unafika benki kila mwisho wa mwezi. Haya si maradhi ya kupelekwa hospitali. Ni maradhi ya kulitaka gari alilolitamani alipokuwa mtoto.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, yalimpata akiwa Coventry, Uingereza, ambako anafanya kazi ya uuguzi. Jumapili moja alinipigia simu. Salamu zilipokuwa ndefu kuliko kawaida, nikajua ana neno.

"Mjomba, nimeona gari," akasema hatimaye.

"Magari si yamejaa huko?"

"Hili si kama hayo. Ni Triumph Stag ya mwaka wa 1973. Mwenyewe anauza."

Nikanyamaza, kwa kuwa kosa lilikuwa langu kwa kiasi fulani. Picha ya gari hilo aliiona utotoni katika jarida kuukuu lililokuwa nyumbani kwangu, naye akalikata ukurasa na kuubandika ukutani. Lakini mkewe alikuwa ameshanitumia habari siku mbili kabla. Pesa alizotaka kununulia gari zilikuwa ni za kuezekea nyumba ya mamake. Kuta zilikuwa zimesimama tangu mwaka uliotangulia, na mbao za paa zilikuwa uani zikinyeshewa. Dada yangu alikuwa bado analala katika jiko la zamani.

Hata hivyo, sikumkemea papo hapo. Mzee hakati shauri kabla ya kusikiliza pande zote, na gari nalo lina upande wake.

Stag ni katika jamii ya magari ambayo Waitaliano waliyaita "gran turismo", yaani magari ya safari ndefu. Si la mashindano wala la kubebea mizigo. Ni gari la mtu kuondoka asubuhi na mwenzake, masanduku yakiwa nyuma, akaenda mamia ya kilomita kwa kasi na kushuka jioni bila kuumwa mgongo. Waingereza walisifika kwa magari hayo. Kulikuwa na Aston Martin, Jensen, Bristol na Jaguar. Stag lilitengenezewa mtu ambaye mfuko wake haukufika kwa Aston Martin.

Aliyelichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Michelotti wa mji wa Turin. Katika miaka ya 1960 aliwaomba Triumph gari lililotumika ili alikate na kuliunda upya kwa ajili ya maonyesho. Harry Webster, aliyekuwa mkuu wa wahandisi wa Triumph, alipoliona alilipenda mno hata akaamua liwe la kampuni. Lilianza kuuzwa mwaka wa 1970, likiwa na viti vinne, paa la turubai la kukunja, na injini ya silinda nane ya lita tatu yenye nguvu za farasi 145. Hadi lilipokomeshwa mwaka wa 1977, yalikuwa yametengenezwa karibu magari 26,000. Nayo yaliunganishwa huko huko Coventry.

Basi kwa nini leo mtu hulipata kwa bei nafuu kuliko wenzake wengi wa jamii hiyo? Kwa sababu lilipata jina baya la kuchemsha.

Wewe msomaji umewahi kupita barabara ya Mai Mahiu ukaona gari kando ya njia, boneti imefunguliwa, mvuke unafuka na dereva ameshika mtungi wa maji. Hivyo ndivyo wenye Stag wengi walivyojikuta, na sababu zake zinaeleweka. Pampu ya maji imewekwa juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda. Maji yakipungua kidogo tu, pampu hubaki ikizungusha hewa. Tena bloku ya injini ni ya chuma, ilhali hedi za silinda ni za aluminiamu. Ukitia maji matupu ya mfereji, bila dawa ya kuzuia kutu, metali hizo mbili huanza kulana, na uchafu wake huenda ukaziba rejeta. Joto hupanda, gasketi huungua, na hedi hupinda.

Halafu kuna cheni mbili za kuendesha mitambo ya vali. Hulegea kwa umri, na wenye uzoefu huzibadilisha kila baada ya kilomita 40,000 au 50,000 hivi. Zikikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo hakuna la kutengeneza ila kulia.

Wengi walichoka, wakang'oa injini ya asili na kutia ya Rover au ya Ford. Lakini wale waliovumilia waligundua kwamba injini hiyo haikuwa na laana. Ilitaka rejeta safi, maji yaliyochanganywa na dawa na kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na cheni mpya kwa wakati wake. Ikipewa hayo hudumu. Na hapa nawe unayeendesha gari dogo la kawaida, usicheke. Ukijaza rejeta yako maji ya mto mwaka baada ya mwaka, unaichimbia injini yako kaburi lile lile.

Nilipokwisha kumsikiliza mpwa wangu, nilimwambia mambo matatu.

La kwanza, bei ya kununua gari kuukuu ndiyo gharama ndogo. Gharama kubwa ni ya kulitunza. Kwao huko, gari likishapita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu mwaka wa 2018 halilazimishwi kukaguliwa kila mwaka iwapo halijabadilishwa sana. Stag yote yamepita umri huo. Lakini sheria ikikusamehe ukaguzi, haikusamehi ajali. Mwenye busara hulipeleka likaguliwe hata bila kulazimishwa. Petroli nayo ni jambo. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hiyo hula mipira ya magari ya zamani. Hivyo inambidi mtu anunue ile ya bei ya juu, naye anatumia gari linalokwenda kilomita saba tu hivi kwa lita moja.

La pili, adui mkubwa ni kutu. Injini iliyoharibika hutengenezwa, ila bodi iliyooza humaliza pesa zote. Wakati wa baridi Waingereza humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na ndugu zetu wa Mombasa hawahitaji kuambiwa chumvi hufanya nini kwa gari. Kutu huanza chini, kwenye vizingiti vya milango na sakafuni, na rangi mpya inayong'aa yaweza kuwa kanzu nyeupe juu ya kidonda. Anayetaka kununua na ainue mazulia, apige magoti na kutazama chini ya gari kwa kurunzi.

La tatu, gari kuukuu huharibika zaidi likilala kuliko likitembea. Breki hugandamana, mipira hukauka, petroli huchacha. Kama huna muda wa kuliendesha mara mbili kwa mwezi, umenunua sanamu.

Kisha nikamwambia neno la mwisho. "Mwanangu, sikukatazi. Lakini huwezi kulitafutia gari banda huku mamako hana paa."

Simu ikawa kimya. Akasema, "Nimesikia, Mjomba," akakata. Mwezi mzima hakunipigia. Dada yangu aliponiuliza mbona kijana amenuna, nilimweleza. Alicheka, kisha akauliza kama hilo gari kweli lina umri wa miaka yote hiyo na bado linatembea. Akasema, "Basi litaningoja mimi nipate mabati."

Pesa za mabati zilifika mwezi uliofuata. Fundi alimaliza kazi kabla ya mvua ndefu.

Mpwa wangu hakuacha tamaa yake, na sikutarajia aiache. Lakini alitumia muda wa kungoja kujifunza. Kuna chama cha wenye magari hayo, kilichoanzishwa mwaka wa 1979, na kwa sababu ya watu kama hao spea bado zinapatikana. Alihudhuria mikutano yao, akawashikia taa mafundi wazee na kuuliza maswali. Huko ndiko alikopata habari za lile gari la kwanza. Aliyelinunua aliinua mazulia siku chache baadaye, akakuta sakafu imezibwa kwa viraka juu ya viraka. Maji yalikuwa yameingia katika oili. Lingemmaliza kijana wetu.

Baada ya miaka miwili alinunua jingine, lenye rangi iliyofifia lakini chini ni zima, pamoja na risiti za matengenezo za miaka mingi. Pesa za gari huziweka katika akaunti ya peke yake, na mkewe anaiona. Mwezi ambao haina kitu, gari hukaa bandani na hakuna anayegombana na mwenziwe.

Mwaka jana nilipomtembelea alinipeleka safari, paa likiwa wazi. Kabla ya kuwasha alifungua boneti, injini ikiwa bado baridi, akakagua maji. Hakuniambia kitu, nami sikumwambia kitu. Injini ilipoitika, nilisikia ngurumo nzito ya chini chini, nikakumbuka ule ukurasa uliobanduliwa katika jarida langu, nikamsamehe.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama nawe una gari unaloliota, liwe la Kiingereza au la Kijapani, usione haya. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kufurahi. Ila tazama kwanza ni nani nyumbani kwako anayenyeshewa. Gari lililongoja miaka hamsini haliwezi kushindwa kungoja miwili zaidi.

Dada yangu ameitundika picha ya gari hilo sebuleni, na wageni wakiliuliza huwaambia ni la mwanawe. Kisha huwaonyesha na paa.

Jumapili njema.