Wana-Arusha, Tuwasikilize Kabla ya Kuwafunga

Ndani ya eneo la chuo cha mifugo pale Tengeru, nje kidogo ya barabara kuu ya kwenda Moshi, kuna makaburi yapatayo 150 ya watu waliozaliwa Poland. Misalaba imepangwa safu kwa safu, na makaburi mengine machache yana nyota ya Daudi, ya Wayahudi waliokuwa pamoja nao. Majina yaliyoandikwa pale hayatamkiki kirahisi kwa Mmeru wala Mwarusha, ila miaka inasomeka vizuri. Wengi walifariki katika miaka ya 1940, wakiwa mbali sana na kwao.

Watu hao hawakuja kutalii. Mwaka 1940 serikali ya Kisovieti iliwang'oa majumbani kwao mashariki mwa Poland na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa mwaka uliofuata, walipita Iran, wakapanda meli, na kuanzia mwaka 1942 wakaanza kufika huku chini ya Mlima Meru. Tengeru ikawa makazi ya watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijengewa nyumba za mviringo za kuezeka nyasi, wakawa na shule, hospitali na kanisa. Nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo Wameru hawakuulizwa lolote, lakini ndio waliokuwa majirani zao.

Kabla makazi yale hayajafungwa kabisa, Wameru wenyewe wakaonja kufukuzwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 kule Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kilio hicho. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini alipewa nafasi ya kusema, dunia ikamsikia, na kesi ile ikabaki katika historia ya harakati za uhuru wa nchi yetu.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu mjadala wa wageni umepamba moto tena miongoni mwetu, sokoni Kilombero, kwenye daladala za Usa River, hata kwenye vikao vya mtaa. Kuna wanaosema wageni wanatuchukulia riziki. Kuna wanaosema wanaleta uhalifu. Julai 2025 serikali iliwapiga marufuku wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo, zikiwamo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na kuongoza watalii, na hapa mjini kwetu, ambako utalii ndio unaolisha nyumba nyingi, wapo walioshangilia. Sina ugomvi nao. Kila nchi ina haki ya kuamua nani afanye biashara gani ndani yake. Ninachoomba ni kwamba tusichanganye mfanyabiashara na mtu anayekimbia kifo. Hao ni watu wawili tofauti, na sheria zetu zinawatofautisha.

Tazama hali ya mpaka wetu. Namanga kuna kituo cha pamoja cha Tanzania na Kenya kilichozinduliwa Desemba 2018, jengo zuri, na msafiri mwenye hati zake anahudumiwa sehemu moja tu. Ukitoka hapo kidogo, huku na huku ni mbuga tupu ya Longido na Kajiado, ambako Wamasai wamevusha ng'ombe tangu kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana nchi. Katika mbuga hiyo ndimo zinamopita njia za panya, na njia hizo zina wenyewe. Wapo mawakala wanaowapokea vijana kutoka Ethiopia na Somalia, kuwaficha na kuwapakia kwenye malori kuelekea Mbeya, Malawi na hatimaye Afrika Kusini. Juni 2012 maiti za Waethiopia zaidi ya 40 zilikutwa zimetupwa porini huko Kongwa, mkoani Dodoma. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori, na dereva akawashusha kama mzigo ulioharibika. Hilo lilitokea nchini kwetu, na barabara za kuwaingiza watu kutoka kaskazini zinapita mikoa yetu hii.

Kwa hiyo mpaka lazima ulindwe. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu mpaka usiolindwa humnufaisha wakala. Ila ulinzi unaomkamata kijana na kumwacha wakala haujalinda kitu. Kijana anafikishwa mahakamani, anasomewa shtaka la kuingia nchini isivyo halali, anatozwa faini asiyo nayo au anapewa kifungo, na aliyempakia yupo njiani analeta wengine.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na ndilo lililonisukuma kuandika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inasema kuwa mtu aliyeingia nchini, awe ameingia kihalali au la, anaweza kuomba hifadhi ndani ya siku saba. Na sheria haikumtaka aanze kutafuta ofisi kubwa mjini. Inamruhusu kwenda au kupelekwa kwa afisa mtendaji wa kijiji. Ndiyo, mtendaji wako wa kijiji, huyo huyo anayekugongea muhuri wa barua ya utambulisho, ametajwa na sheria kuwa mlango wa kwanza wa mtu anayetafuta hifadhi Tanzania. Ni watendaji wangapi kuanzia Ngarenanyuki hadi Oldonyosambu wanaolijua hilo? Na ni wangapi kati yetu tungempeleka mgeni kwa mtendaji badala ya kuita vijana wenye fimbo?

Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Geneva wa wakimbizi mwaka 1964, na mkataba huo unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kosa la kuingia bila kibali ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza mapema kujieleza. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, na hakuna serikali nyingine inayopaswa kulichukulia kama uchokozi. Mei 1979 wawakilishi wa Afrika walikutana hapa hapa Arusha kujadili hali ya wakimbizi barani. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa nishani ya Nansen, tuzo kubwa ya dunia kwa wanaowasaidia wakimbizi. Alistahili. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakajitegemea, na baadaye watu wapatao 162,000 miongoni mwao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe kwelikweli.

Mzigo nao ulikuwepo, na haifai kuuficha. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24. Misitu ya Kagera na Kigoma ilikatwa kuni, visima vikakauka, na Desemba 1996 serikali ikawaamuru Wanyarwanda warudi kwao. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi, ikilalamikia usalama na fedha zilizoahidiwa bila kutolewa. Lalamiko la fedha lilikuwa la haki kabisa. Nchi tajiri zinapenda sana kutuhubiria ukarimu huku zikifunga milango yao, na anayebeba gharama ni mkulima wa Kibondo. Lakini kosa la tajiri haliwezi kulipwa na mama wa Kikongo aliyeko kambi ya Nyarugusu.

Hapa Arusha tunajua watu hukimbia nini. Kwa miaka zaidi ya ishirini Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa mjini kwetu, ikawashtaki watu 93, na mwaka 1998 ikatoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mashahidi walisimama pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC wakaeleza walivyojificha na nani aliwafungulia mlango. Mikataba ya amani ya Rwanda, mwaka 1993, na ya Burundi, mwaka 2000, ilitiwa saini hapa. Leo bendera za Kongo na Somalia zinapepea pamoja na yetu kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatuwezi kuipokea bendera ya jirani na kumkataa mtu wake kabla hata hajafungua mdomo.

Na asidhani mtu kwamba habari hii ni ya wageni peke yao. Anudo Ochieng Anudo alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kwa taratibu za ndoa. Uraia wake ukatiliwa shaka, akanyang'anywa pasipoti, na mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamkataa. Akabaki anaishi katikati ya mipaka, eneo lisilo la nchi yoyote. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua kwamba alionewa. Tangu hapo Tanzania imeondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mahakama iko mlangoni kwetu, na sisi hatuwezi tena kuibishia hodi.

Sasa ombi langu, ndugu zangu. Ukimkuta mgeni amejificha shambani kwako au kwenye jengo ambalo halijaisha, mpe maji na chakula kwanza. Usimfiche, maana kumficha kutakuponza wewe na yeye. Mpeleke kwa mtendaji ukiwa na jirani mmoja au wawili, na usiondoke mpaka aulizwe kwa nini ameondoka kwao na jibu lake liandikwe. Hata kama si mkimbizi, hata kama anatafuta kazi tu na atarudishwa kwao, arudishwe akiwa mzima na baada ya kusikilizwa.

Kikwazo kikubwa hapo ni lugha. Kijana wa Ethiopia anayejua Kiamhari au Kihadiya peke yake huitikia kwa kichwa chochote anachoambiwa, na kuitikia huko huhesabiwa kuwa amekiri kosa. Lakini mji huu umejaa watu wa lugha. Wapo waliofanya kazi na Mahakama ya Rwanda wanaojua Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa, na wapo wakazi wanaozungumza Kisomali, Kioromo, Kiamhari na Kitigrinya. Kama wewe ni mmoja wao, nenda kwenye ofisi ya kata au mahakama ya wilaya, acha jina lako na namba ya simu, sema uko tayari kutafsiri. Saa moja ya ulimi wako inaweza kuokoa miaka ya mtu.

Nawe unayewajua mawakala, na wapo wanaowajua, toa taarifa. Sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu mwaka 2008. Nyumba inayojaa watu usiku na kuwa tupu asubuhi inajulikana na mtaa mzima.

Wachungaji, mapadri na masheikh, lisemeni hili Jumapili na Ijumaa. Wenyeviti wa vitongoji na mitaa, liwekeni kwenye ajenda ya mkutano ujao, mtendaji asome sheria mbele ya watu. Na mbunge wako akija kukusalimia, muulize mambo mawili: lini watendaji wetu watafundishwa kumpokea mwomba hifadhi, na lini tutarudishiwa haki ya kwenda kwenye mahakama iliyo hapa mjini kwetu. Muulize mbele ya watu, na usikae mpaka akujibu.