Kioo Cheusi: Jicho la Askari au Kipimo?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa ni mwanga kiasi gani upitao katika vioo viwili vilivyopangwa pamoja, kimoja kikipitisha asilimia 80 na cha pili asilimia 50, atazidisha na kupata asilimia 40. Hesabu hiyo ndogo husahauliwa kila watu wanapobishana juu ya vioo vyeusi vya magari. Huko India ubishi huo ulifika hadi Mahakama ya Juu.

Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zilitaja tarakimu. Kioo cha mbele na cha nyuma sharti vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70, na vioo vya ubavuni asilimia 50. Lakini tarehe 27 Aprili 2012 Mahakama ya Juu ilikataza kubandika utando wa aina yoyote, hata ule ambao ukipimwa hauvunji kanuni. Hoja yake ilikuwa kwamba wahalifu hujificha nyuma ya vioo hivyo, na kwamba ni vigumu kwa askari aliye barabarani kutenganisha utando halali na ulio haramu.

Hoja hiyo ina uzito, na kwa sababu ambayo fizikia yaieleza vizuri. Jicho ni hakimu mbaya wa kiasi cha mwanga. Mchana hata kioo kisicho na utando wowote huonekana cheusi kwa mtu aliye nje, kwa kuwa ndani ya gari mna giza kuliko barabarani, na mwanga wa jua unaorudishwa na uso wa kioo hufunika ule hafifu utokao ndani. Askari anayekisia kwa macho atamwachia mmoja na kumtoza faini mwingine, na hapo ndipo mlango wa rushwa hufunguliwa. Hata hivyo, dawa ya kukisia ni kupima. Taa ndogo upande mmoja wa kioo na seli ya mwanga upande wa pili yatosha. Chombo cha namna hiyo chaweza kuundwa katika maabara ya shule.

Tarakimu hizo hazikuwekwa ili kuwaudhi matajiri. Mchana mwanga ni mwingi mno, hata nusu yake ikizuiwa dereva haoni upungufu. Usiku mambo hubadilika. Mwanga wa taa za gari humwangukia mwenda kwa miguu kwa kadiri inayopungua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo, kioo cha mbele kikizuia nusu ya mwanga, mtu ambaye angeonekana akiwa mita 60 itambidi awe mita 42 hivi ndipo aonekane kwa mwangaza ule ule. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa humaliza hizo mita 18 kabla ya sekunde moja kwisha. Anayelipa gharama ya utando huo ni mtembea kwa miguu, ambaye hakuununua.

Wenye magari nao husema kwamba jua la India ni kali. Ni kweli, lakini weusi si ubaridi. Karibu nusu ya nishati ya jua itufikiayo ardhini ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni kabisa. Upo utando mweupe unaoizuia mionzi hiyo na kuuacha mwanga upite. Ule mweusi wa bei rahisi huumeza mwanga, ukapata moto wenyewe, kisha sehemu ya joto hilo ikarudi ndani kwa abiria.

Baada ya kanuni kurekebishwa, mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu ya jimbo la Kerala iliamua kwamba utando waruhusiwa maadamu zile asilimia 70 na 50 hazivunjwi. Uamuzi huo u karibu zaidi na sayansi kuliko ule wa 2012, ila utafaa pale tu askari atakapokuwa na kipimo mkononi, na kipimo hicho kitakapowekwa juu ya kioo na utando wake kwa pamoja. Dereva aliyenunua utando wa asilimia 70 akaubandika kwenye kioo cha mbele kinachopitisha 80, amebaki na asilimia 56. Amevunja sheria, na fundi aliyemuuzia hakusema uongo hata kidogo.