Mtoto tumboni akipunguza kucheza, usisubiri tarehe ya kliniki

Katika kliniki ya wajawazito kuna swali tunaloliuliza haraka kuliko yote: "Mtoto anacheza?" Mama anajibu "ndiyo", tunaandika, anaitwa mwingine. Leo naomba tulikalie swali hilo, kwa sababu jibu lake unalo wewe mama, si mimi daktari.

Wajawazito wengi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24, na mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huchelewa kidogo. Kufikia wiki ya 28 mtoto huwa na tabia yake. Yupo anayecheza jioni mama akijilaza, yupo wa alfajiri. Hulala pia, mara nyingi kwa dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupitisha dakika 90. Tabia hiyo ndiyo ninayotaka uijue. (Kwikwi usizihesabu, hazimaanishi anacheza.)

Sina haja ya kumpa kila mama karatasi ya kuhesabu mateke. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, halikuagiza kila mjamzito ahesabu kila siku. Linataka ajue umuhimu wa mtoto kucheza na atoe taarifa akipunguza. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliochapishwa 2018, uliohusisha zaidi ya mimba 400,000, haukuonyesha kwamba mpango wa kuwahamasisha akina mama na wahudumu kuhusu jambo hili ulipunguza kwa uhakika watoto wanaozaliwa wafu. Kwa nini basi nasumbuka? Kwa sababu kule mama akiwa na wasiwasi, gari na hospitali haviko mbali. Mama wa Tegetero au Bunduki anaanza na mteremko, na wakati wa masika njia ni utelezi. Kwake saa moja ya kusitasita inaweza kuzaa siku nzima ya kuchelewa.

Na milima yenyewe haikupi nafasi ya kukaa. Mama wa Kinole anashuka na mkungu wa ndizi, anapanda na ndoo ya maji. Mchana wote anaweza asimsikie mtoto, na si lazima iwe hatari; hakuwa na muda wa kumsikiliza. Kazi ikiisha, lala ubavu wa kushoto, mkono tumboni, simu pembeni. Ukiwa na shaka, mpe saa mbili. Asipofikisha mara 10, au ukiona wazi kwamba huyu si yule wa jana, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa kimya kabisa, acha kuhesabu, ondoka.

Utaambiwa kwamba mimba ikikomaa mtoto hutulia kwa kubanwa nafasi. Si kweli. Teke linaweza kugeuka kuwa kujisukuma, lakini hapaswi kupunguza. Utaambiwa unywe soda au maji ya baridi aamke. Usipoteze muda. Kondo la nyuma lisipompa mtoto hewa na chakula cha kutosha, hupunguza kucheza ili kutunza nguvu, na wakati mwingine hiyo ndiyo dalili pekee tunayopewa kabla moyo wake haujasimama. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, aliyepitisha tarehe au aliyewahi kupoteza mtoto tumboni awe mwepesi zaidi.

Kwa Waluguru mjomba ana sauti, baba watoto ana yake, na mama mkwe naye hakosi neno. Wote ni wa kuheshimiwa, lakini hakuna hata mmoja anayemsikia mtoto huyo. Kikao kifanyike mama akiwa njiani. Kama hakuna usafiri, piga 115, namba ya bure ya M-mama.

Ukifika zahanati usiseme "sijisikii vizuri", maana utapangwa foleni ya malaria. Sema: "Mtoto wangu leo hachezi kama kawaida." Mkunga atasikiliza mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Kuyasikia ni habari njema, lakini hakumalizi kazi. Mtoto akiendelea kupunguza, omba rufaa kwenda hospitali yenye altrasaundi na mashine ya kuchora mapigo. Na wahudumu wenzangu, anayekuja saa nane usiku kwa sababu hii hakuja kutusumbua. Kumwambia "rudi tarehe yako" si huduma.

Wengi wanaopimwa hukutwa mtoto mzima na kurudi nyumbani. Usione aibu kwamba ulikimbia bure. Wiki ijayo akipunguza tena, njoo tena. Mara ya pili tunaichukulia kwa uzito zaidi kuliko ya kwanza.