"Ndiyo" ya mkutano wa kijiji ipimwe

Idodi, kwenye njia ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, mgeni hutanguliza hodi. Neno hilo halielezi habari yoyote, linaomba. Na "karibu" ya mwenye nyumba inampa mgeni ruhusa ya kuingia.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin aliyachambua maneno ya aina hii katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955. Alionyesha kwamba kutamka ni kutenda: kuahidi, kuusia, kuoza. Ila tendo lina masharti yake. Anayetamka awe na mamlaka, utaratibu ufuatwe, na nia iwepo. Mpita njia hafungishi ndoa hata akiyajua kwa moyo maneno yote ya padri au shehe.

Masharti hayo yanahusu sana mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaidhinisha. Kwa tarafa kama Idodi, ambako mashamba na malisho yanapakana na maeneo ya wanyamapori, idhini hiyo ni jambo zito.

Sasa tazama inavyopatikana mara nyingi. Jua limeanza kushuka, watu wana njaa, mwenyekiti anauliza: "Tumekubaliana, ndugu zangu?" Waliokaa mbele wanaitikia "Ndiyooo!" Katibu anaandika: wanakijiji wote wameridhia.

Wote? Kijana aliyelelewa kuheshimu wakubwa hamwambii mzee "hapana" mbele ya watu. Husema "sawa, mzee", au "tutaona", na kila aliyekulia hapo anajua kwamba amekataa. Mama aliyeinamisha kichwa na kuchora chini kwa kijiti naye amesema jambo. Mwanafalsafa mwingine, Paul Grice, alijulikana kwa kueleza hilo: msikilizaji hupata maana pia katika kile ambacho hakikutamkwa. Kosa ni kuichukua adabu ya watu na kuiandika kuwa idhini yao.

Wenyeviti na watendaji wa vijiji wanaweza kulirekebisha hili bila gharama. Wataje mpaka wa eneo kwa majina ya mito na vilima ambavyo kila mtu anavijua. Waanze kuwauliza wanaopinga, wahesabu mikono, kisha waandike idadi ya pande zote mbili kwenye muhtasari na kuisoma kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.