Furaha ya Mtu Asiye na la Kuficha



Wakazi wa Mbale hawajasahau mwisho wa mwezi wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, ikaua watu na kuingia majumbani. Maji yalipopungua yaliacha tope. Mama wa nyumba ajuaye kazi yake hulikwangua tope kwanza, akaosha sakafu, akaiacha ikauke, ndipo akatandika mkeka. Kama angeutandika juu ya tope, wageni wangeusifu siku ya kwanza, na siku ya pili uvundo ungewatoa nje.

Aghalabu sisi Wakristo twaitafuta furaha kwa namna hiyo ya mkeka juu ya tope. Twaimba kwa sauti kubwa, twavaa nguo safi Jumapili, twatoa sadaka. Lakini liko deni tunalolikana, liko neno la uongo tulilomzulia jirani, na mfukoni zimo fedha zisizo zetu. Kisha twauliza mbona furaha ya ibada huisha kabla hatujafika nyumbani.

Uganda yetu ina ushuhuda mkubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, ambaye alikuwa amehudumu katika kikosi cha matabibu wa Kiafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Waliketi pamoja, wakasoma Biblia na kusali. Kutokana na watu kama hao uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Watu hao walijulikana kwa nyimbo za furaha, lakini walijulikana pia kwa kurudisha vitu vya wizi, kulipa madeni ya zamani na kuwaendea waliowakosea. Mambo hayo mawili hayakutengana: waliimba kwa sababu mzigo ulikuwa umekwisha kutuliwa.

Labda msomaji atasema kwamba ni rahisi kufurahi mambo yakiwa mema. Basi na atazame Kabale, tarehe 10 Februari 1973. Siku hiyo, wakati wa utawala wa Idi Amin, watu walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, Mbale ikiwamo. Kule Kabale walikuwa watu watatu. Askofu Festo Kivengere alipewa ruhusa ya kusema nao kabla ya kufa, naye alisimulia baadaye kwamba alikwenda akiwaza atawaambia nini. Walipogeuka aliona nyuso zao ziking'aa. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wao alimshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba alikwisha kutubu na kusamehewa, akaomba mkewe apelekewe habari hiyo. Askofu akawaeleza askari maneno hayo, nao wakaduwaa. Wale watu walikufa wakiwapungia watu mikono yenye pingu.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Toba haikuwaondolea risasi. Kwa hiyo furaha yao haikuwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Ilikuwa furaha ya mtu ambaye hana tena la kuficha, wala mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Furaha ya namna hiyo haina wa kuipokonya.

Sisi tunaovaa sare, na jamaa zetu, tunalo fundisho letu katika Injili ya Luka. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Katika Injili hiyo hiyo, Zakayo mtoza ushuru alimpokea Yesu kwa furaha, na papo hapo akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Basi, askari aliyechukua fedha ya mwendesha bodaboda kwenye kizuizi cha barabarani asidhani kuwa machozi ya kanisani yatatosha. Yule kijana hakuwa kanisani, na watoto wake walikosa chakula siku ile. Na amtafute, amrudishie. Pengine jambo lenyewe litafika kwa mkubwa wake, naye ataadhibiwa. Toba haifuti kesi. Lakini atalala usingizi ambao fedha ile haikupata kumnunulia.

Nyumbani pia ndiko toba inakopimwa. Mume aliyekunywa pombe kwa fedha za karo huweza kusali usiku kucha, lakini tope li pale pale hadi atakapoketi na kusema, "Mama watoto, karo sikuipeleka shule. Niliinywa. Mwisho wa mwezi mshahara nitauleta mkononi mwako, tupange pamoja." Pengine mke atanyamaza siku tatu. Na avumilie, kwani msamaha ni zawadi ya aliyekosewa. Haudaiwi kama posho. Naye mke aliyeficha deni la dukani, au aliyepeleka fitina kwa mke wa koplo, ana njia ile ile ya kupita.

Hata hivyo, tutumie hekima. Kutubu ni kusema kosa lako mwenyewe. Si kutangaza siri za wenzako, wala si kuwasuta wengine mbele ya mkutano kwa kisingizio cha wokovu. Afanyaye hivyo huhamishia tope lake kwenye nyumba ya jirani. Kosa la siri liambie Mungu na yule uliyemkosea. Ukihitaji msaada, mwendee mchungaji au mzee unayemwamini.

Juma hili kila mmoja wetu na achague jambo moja tu: deni moja, uongo mmoja, au mtu mmoja anayemkwepa njiani. Na aende kabla ya Jumapili. Kisha, wimbo utakapoanzishwa kanisani, ataimba kwa moyo mweupe, hata kama sauti yake si nzuri.

Tuonane juma lijalo.