Ufa wa Kikambala wataka wasomi

Mzazi mpendwa, kijana wako akikwambia anataka kusomea mambo ya ugaidi, usimfokee. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala, Kilifi, ililipuliwa. Mbali na washambulizi, watu 13 waliuawa. Kumi walikuwa Wakenya, miongoni mwao wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni.

Polisi humtafuta aliyelipua. Mtaalamu wa siasa huuliza kwa nini, tena huipima sheria: itamlinda raia au itamtia hofu? Mswada wa ugaidi wa 2003 ulipingwa vikali, ukawekwa kando. Sheria ilipitishwa mwaka 2012.

Marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa ambaye ukoo wake ulitawala Takaungu pia, aliifanya kazi hiyo. Mwaka 2003 yeye mwenyewe alizuiwa na kuhojiwa katika uwanja wa ndege wa Miami. Hakunyamaza; mwaka 2006 alitoa kitabu kuhusu Uislamu na vita dhidi ya ugaidi.

Nanyi wanafunzi, Chuo Kikuu cha Pwani kiko papo hapo Kilifi. Someni. Anayetaka kuziba ufa sharti kwanza ajue ulianzia wapi.