Msamaha Si Kuzika Ukweli

Wahenga walisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii hutumiwa mno kuwahimiza Wakristo waliodhulumiwa wasamehe, na mara nyingi kinachokusudiwa ni kwamba wanyamaze. Hapo ndipo penye kosa, kwani kusamehe na kunyamaza ni mambo mawili tofauti.

Historia ya Uganda inatoa ithibati. Mnamo tarehe 10 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua wakilalamikia mauaji na kupekuliwa kwa makazi ya Luwum. Siku sita baadaye Luwum aliuawa. Serikali ilidai kwamba alifariki katika ajali ya gari. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alitorokea Rwanda pamoja na mkewe, wakivuka milima kwa miguu.

Akiwa uhamishoni, Kivengere alitambua kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa imeanza kumtawala. Hakujisingizia utakatifu, bali aliikiri. Mwaka uo huo alichapisha kitabu ambacho anwani yake inatangaza kwamba anampenda Idi Amin. La kuzingatiwa ni kwamba kitabu hicho hicho kinasimulia waziwazi dhuluma za utawala huo.

Wapo watakaouliza: je, upendo wa aina hii haumpi jabari nguvu? Swali hili ni la haki, hasa likiulizwa na mjane au yatima, na hakuna aliye na idhini ya kumsamehe mtesi kwa niaba yao. Hata hivyo, Kivengere hakumwondolea Amin hatia. Alichokataa ni kufinyangwa na mtesi wake hadi afanane naye. Aidha, Kristo alipowaombea msamaha waliomsulubisha, hakusema kwamba hawakutenda neno. Kumwombea mtu msamaha ni kukiri kwamba amekosa.

Yafaa basi methali ile isomwe pamoja na nyingine ya wahenga wao hao: mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuna agangaye asichokijua. Kanisa linalohubiri msamaha halina budi kwanza kuwasikiliza waliodhulumiwa wakiyataja waliyotendewa. Lisipofanya hivyo, litakuwa linamtetea mtesi kwa jina la Msulubiwa.